Kigawo si Kigawe: Uhakiki wa Lugha ya Vitabu vya Hisabati

Katika toleo hili tumeona ni vema tuanze na kosa letu wenyewe kabla hatujagusa makosa ya wengine.

Muhula uliopita idara yetu iliombwa na mchapishaji mmoja kupitia lugha ya mswada wa kijitabu cha mazoezi ya Hisabati kwa Kiswahili. Kijitabu hicho kilikusudiwa shule za msingi zinazofundisha Kiswahili hapa Uganda, ili watoto waizoee lugha hii kwa kuitumia katika jambo ambalo tayari wanalisoma kwa lugha nyingine. Tuliipokea kazi hiyo kwa furaha. Wanafunzi wa mwaka wa tatu waligawana kurasa, walimu wawili wakapitia kazi yao, na baada ya wiki mbili tukaurudisha mswada ukiwa umejaa wino mwekundu. Tulirekebisha upatanisho wa kisarufi, tukatenganisha maneno yaliyounganishwa vibaya, tukaondoa "hizi maswali" na "hii zoezi", na mwishoni tukagonga muhuri wa idara.

Katika kurasa za katikati tulikuta mwandishi anaandika mara "kigawo", mara "kigawe". Tukadhani ni kosa la chapa. Tukayasawazisha yote yawe "kigawo", kwa kuwa ndilo lililotangulia kutumika, tena tukajipongeza kwa jicho letu kali.

Nakala chache za majaribio zilipokwisha kuchapwa na kupelekwa shuleni, mwanafunzi wetu mmoja aliyesoma shule ya msingi upande wa Tanzania alikuja ofisini na kijitabu mkononi. Akauliza, "Mwalimu, KDS ya 12 na 18 ni ngapi?" Tukajibu kuwa ni 36. Akasema, "Naomba msome swali la nne." Tukasoma: "Tafuta kigawo kidogo cha shirika cha 12 na 18." Jibu la swali hilo, kama lilivyoandikwa, ni 1. Jibu lililochapwa nyuma ya kitabu ni 36. Sisi, wataalamu wa lugha, tulikuwa tumelichukua swali zuri tukaliharibu kwa kalamu ya kusahihishia.

Makala haya ni uhakiki wa lugha ya vitabu vya Hisabati vilivyoandikwa kwa Kiswahili au vilivyotafsiriwa kutoka Kiingereza. Hoja yetu ni moja. Katika kitabu cha Hisabati, kosa la lugha na kosa la hesabu mara nyingi ni kosa lilelile moja. Kwa hiyo msahihishaji asiyekokotoa, hata akiwa bingwa wa sarufi, hajasahihisha kitu.

Irabu moja

Tuanze na maneno yaliyotuaibisha. Katika vitabu vya Hisabati vya shule za msingi Tanzania, kigawo ni namba inayogawa namba nyingine bila kubakiza kitu. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Kigawe ni namba inayogawanyika kwa namba nyingine bila baki. Vigawe vya 12 ni 12, 24, 36, 48 na kuendelea bila kikomo. Kutokana na maneno hayo tunapata Kigawo Kikubwa cha Shirika, yaani KKS, na Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani KDS. Kwa 12 na 18, KKS ni 6 na KDS ni 36.

Mwanafunzi wa mofolojia hapaswi kushangaa. Kiambishi tamati -o katika nomino zinazotokana na vitenzi mara nyingi huonyesha kifaa au kitu kinachotenda kazi: kifuniko hufunika, kizibo huziba, kipimo hupima. Kiambishi -e nacho huelekea kwenye kitu kilichotendwa: kiumbe kimeumbwa, mteule ameteuliwa, mtume ametumwa. Hivyo kigawo hugawa, na kigawe hugawanywa. Waliounda istilahi hizi walifuata njia ya lugha yenyewe, na wanastahili sifa. Sisi tunaofundisha viambishi hivi kila mwaka tuliviona mbele yetu tukavidhania kuwa makosa ya mpiga chapa.

Ubaya wa kosa la namna hii ni kwamba halijitangazi. Maneno yote mawili ni sahihi na upatanisho wake ni uleule wa KI-VI. Kompyuta haitapiga mstari mwekundu chini yake. Kinachobadilika ni ukweli wa swali. Namba 1 ni kigawo cha kila namba nzima, kwa hiyo "kigawo kidogo cha shirika" cha namba zozote mbili ni 1 daima, na swali linakuwa halina maana. "Kigawe kikubwa cha shirika" nacho hakipo kabisa, maana vigawe havina mwisho. Mtu yeyote ambaye angejaribu kulijibu swali letu, badala ya kulisoma tu, angeligundua kosa katika dakika moja. Hatukujaribu.

MAGAZIJUTO na majuto yake

Baada ya aibu hiyo tuliurudia mswada wote, safari hii kila mmoja akiwa na karatasi ya kukokotolea. Ndipo tulipokutana na kosa ambalo si letu, wala si la mwandishi wa kijitabu kile peke yake. Limeenea madarasani na limezeeka.

Mtoto aliyesoma Hisabati kwa Kiswahili anaijua MAGAZIJUTO: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Ni kifupisho kizuri. Kila silabi inatamkika, kinaimbika, na kinakaa kichwani kwa miaka mingi. Hapa kwetu, ambako shule hufundisha kwa Kiingereza, tunayo BODMAS, ambayo hufuata mpangilio uleule: kugawanya, kuzidisha, kujumlisha, kutoa. Shida ni pale mwalimu au kitabu kinaposema, kama ulivyosema mswada wetu: "Fuata mpangilio huu hatua kwa hatua."

Tuchukue 20 − 8 + 5. Mtoto mtiifu anajua kwamba Jumlisha imetangulia Toa. Anajumlisha 8 na 5 anapata 13, kisha anatoa 13 katika 20 anapata 7. Jibu sahihi ni 17. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, na hufanywa kwa kufuata mpangilio kuanzia kushoto kwenda kulia. Sokoni mtoto huyohuyo hakosei. Mwambie mama alikuwa na shilingi 20,000, akanunua sukari ya shilingi 8,000, kisha akalipwa deni lake la shilingi 5,000. Atakujibu papo hapo kwamba mama ana shilingi 17,000. Anachokijua sokoni, kanuni ya darasani imemnyang'anya.

Kugawanya na kuzidisha navyo vina cheo kimoja, lakini hapo kanuni haimdhuru. Akiambiwa 12 × 6 ÷ 3 na akaanza na kugawanya, atapata 12 × 2, yaani 24. Akienda kushoto kwenda kulia atapata 72 ÷ 3, ambayo pia ni 24. Upande wa GAZI, mpangilio wa silabi umeangukia mahali pazuri. Upande wa JUTO, umeangukia mahali pabaya. Wamarekani wanayo PEMDAS, inayotaja kuzidisha kabla ya kugawanya, na hao huumia pande zote mbili. Mtoto wao akiifuata neno kwa neno, 24 ÷ 4 × 2 atapata 3 badala ya 12. Hapa tunaona kwamba mpangilio wa herufi katika vifupisho hivi si sheria ya Hisabati. Ni namna tu ya kupanga herufi ili neno litamkike.

Mtu anaweza kusema, basi tugeuze iwe MAGAZITOJU. Tulijaribu. Majibu yanatoka sahihi, lakini mtoto wa darasa la nne akipewa 3 + 2 − 4 na kuambiwa aanze kutoa, atakwama kwenye 2 − 4, kwa sababu hajafundishwa namba hasi. Kubadili mahali pa silabi hakutoshi. Kinachotakiwa ni sentensi.

Hapo ndipo kazi ya mwalimu wa lugha inapoanza. Katika Kiswahili, vitenzi vya kuamrisha vikipangwa mfululizo, msikilizaji huvielewa kuwa ni hatua zinazofuatana. Ukimwambia mtu "Menya, osha, kata, kaanga," hataanza kukaanga kabla ya kumenya. Ukimwambia mtoto "Gawanya, zidisha, jumlisha, toa," umemwamuru ajumlishe kabla ya kutoa, hata kama hukukusudia. Mtoto anayepata 7 hajakosa usikivu. Ameielewa lugha vizuri kuliko aliyemwandikia.

Tunapendekeza kanuni iandikwe hivi: "Kwanza, fanya kilicho ndani ya mabano. Pili, gawanya na zidisha, kila kimoja kwa zamu yake, kuanzia kushoto kwenda kulia. Tatu, jumlisha na toa, kila kimoja kwa zamu yake, kuanzia kushoto kwenda kulia." Kifupisho nacho hakina haja ya kutupwa. Kitamkwe kwa pumzi tatu badala ya tano: MA, GAZI, JUTO. Hatua ni tatu, wala si tano. Mwalimu akiandika ubaoni mistari mitatu, kosa lote linaondoka, na wimbo unabaki. Asipofanya hivyo, JUTO itabaki kuwa majuto, nayo majuto, kama tunavyojua sote, ni mjukuu.

Jambo jingine katika sehemu hiyo ya mswada lilitusikitisha zaidi. Mifano yote iliyofanywa na mwandishi ilikuwa na alama ya kujumlisha kabla ya alama ya kutoa, kama 5 + 8 − 3. Mifano ya namna hiyo hutoa jibu lilelile, uifuate kanuni vibaya au vizuri. Mwalimu anaweza kuifundisha miaka mingi bila kuona nyufa. Ufa huonekana siku ya mtihani, mbele ya mtoto, wakati mwalimu hayupo. Mfano mzuri katika kitabu ni ule unaoweza kumkamata aliyeelewa vibaya. Mfano unaompitisha kila mtu haujafundisha chochote.

Nusu ya nini?

Katika sura ya maumbo tulikuta swali hili: "Tafuta eneo la duara lenye nusu kipenyo cha sm 14." Msomaji wa kwanza alipata eneo la sentimita za mraba 616. Wa pili alipata 154. Wote wawili walitumia 22/7 kama pai, na wote wawili walizidisha sawasawa.

Tofauti yao ilikuwa ya kisarufi. Wa kwanza alisoma "nusu kipenyo" kama neno moja, yaani umbali kutoka katikati ya duara hadi ukingoni, na umbali huo ni sm 14. Wa pili alisoma "cha" akaona kinapatana na kipenyo. Kwake, kipenyo ndicho chenye sm 14, na nusu yake ni sm 7. Hatukuweza kumwambia yeyote kati yao kwamba amekosa. Tena kosa la hapa si dogo, kwani kipimo hicho kikizidishwa mara mbili eneo huzidishwa mara nne.

Vitabu huandika "nusu kipenyo" na "nusukipenyo", mara nyingine katika ukurasa mmoja. Sisi tunashauri neno liandikwe pamoja popote linapotumika kama istilahi, na swali lisitegemee kihusishi: "Nusukipenyo cha duara ni sm 14. Tafuta eneo lake." Sentensi mbili fupi, na hakuna wa kubishana.

Maneno ya nyumbani, maana za darasani

Kundi jingine la makosa linatokana na maneno ambayo mtoto anayatumia nyumbani kwa maana moja na darasani kwa maana nyingine. "Gawanya 6 kwa nusu," liliandika swali moja. Nyumbani, kugawa kitu nusu kwa nusu ni kukikata sehemu mbili sawa, na mtoto atajibu 3. Kihisabati 6 ÷ ½ ni 12, kwa sababu ndani ya 6 mna nusu kumi na mbili. Swali hilo lingeweza kusema, "Una mikate 6. Kila mtu anapewa nusu mkate. Watapata watu wangapi?" Hapo mtoto anaona kwa macho kwa nini jibu limekuwa kubwa.

"Bei ya mahindi iliongezeka mara tatu," lilisema jingine. Je, bei ilipanda katika vipindi vitatu tofauti, au ilifikia mara tatu ya bei ya mwanzo? Katika gazeti msomaji ataelewa kwa muktadha. Katika mtihani hakuna muktadha, kuna alama mbili tu, ya pata na ya kosa. Hali kadhalika "kwa" na "hadi": bei ya shilingi 1,000 ikiongezeka kwa shilingi 1,200 itakuwa 2,200, na ikiongezeka hadi shilingi 1,200 itakuwa hiyohiyo 1,200. Kihusishi kimoja kimebeba shilingi elfu nzima.

Saa 7:00 asubuhi

Hadi hapa tumeonyesha jinsi mwana lugha anavyopitisha kosa la hesabu. Sasa tuone upande wa pili. Swali lilisema: "Basi liliondoka Kampala saa 7:00 asubuhi, likafika Masaka saa 9:30 asubuhi. Safari ilichukua muda gani?" Mwalimu wa Hisabati aliyetusaidia aliweka alama ya vema. Jibu ni saa 2 na dakika 30, na hesabu haina doa.

Lakini katika Kiswahili hakuna saa 7:00 asubuhi. Kuna saa saba mchana na saa saba usiku. Mtafsiri alichukua saa ya Kiingereza akaibandika neno asubuhi. Kwa watoto wetu jambo hili ni la kusikitisha, kwa sababu Luganda pia huhesabu saa kuanzia kuchomoza kwa jua. Mtoto anayesema "ssaawa emu" nyumbani hahitaji kufundishwa saa moja ya Kiswahili. Tumemchukua kutoka saa anayoijua, tukampitisha Kiingereza, tukamrudisha kwenye Kiswahili kisichokuwapo.

Kusahihisha swali hilo ni rahisi: saa 1:00 asubuhi hadi saa 3:30 asubuhi. Swali lililofuata lilihitaji fikra zaidi. Katika Kiingereza liliuliza juu ya kazi iliyoanza saa tano asubuhi na kuisha saa saba mchana. Kwa saa ya Kiingereza mtoto anatoka 11 na kuvuka 12 hadi 1, na kuvuka huko ndiko kulikokusudiwa kumpima. Ukilitafsiri sawasawa kwa Kiswahili, linakuwa 7 toa 5, na ugumu wote umeyeyuka. Tafsiri ni sahihi, hesabu ni sahihi, lakini swali limekufa. Tukaandika jipya: "Safari ilianza saa 11:30 alfajiri ikaisha saa 2:15 asubuhi." Hapo mtoto anavuka saa kumi na mbili ya Kiswahili, na anapata saa 2 na dakika 45. Kutafsiri kitabu cha Hisabati, basi, ni kuhamisha ugumu wa swali pamoja na maneno yake.

Mkato na nukta

Tuongeze jambo dogo kwa ajili ya wenzetu wa Rwanda, Burundi na Kongo, ambao huenda vitabu kama hivi vikawafikia. Kwetu na Tanzania, 2,500 ni elfu mbili na mia tano. Kwa aliyesomeshwa Hisabati kwa utaratibu wa Kifaransa, mkato hutenga sehemu ya desimali, na 2,500 ni mbili na nusu. Kilo 2,500 za sukari ni shehena ya lori kwa mmoja na mfuko mdogo kwa mwingine. Kitabu kinachokusudiwa kuvuka mipaka kieleze alama zake katika ukurasa wa kwanza.

Aidha, desimali zisomwe tarakimu moja moja. Anayesoma 0.14 kama "sifuri nukta kumi na nne" atamfanya mtoto aamini kwamba 0.14 ni kubwa kuliko 0.5, kwa kuwa kumi na nne ni kubwa kuliko tano. Asome "sifuri nukta moja nne".

Nani asahihishe?

Makosa ya vitabu vya shule si habari ngeni katika eneo letu. Nchini Tanzania suala hilo lilifika Bungeni mwaka 2013, na kamati iliyokuwa ikiidhinisha vitabu, EMAC, ikavunjwa mwaka huohuo. Mwaka 2017, wakati vitabu vikiandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, suala hilo lilirudi tena Bungeni. Tunayataja hayo bila nia ya kumcheka jirani. Jirani ametangulia kufundisha Hisabati kwa Kiswahili katika shule zake nyingi za msingi za serikali, na anayetembea ndiye anayejikwaa. Sisi ndio kwanza tunaanza. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni, Julai 2022, wahitimu wetu wanazidi kuombwa kutafsiri na kupitia vitabu vya kila somo. Makosa tunayoyasoma leo katika vitabu vya wengine, kesho yatakuwa na muhuri wetu.

Wengine watasema kwamba kazi yetu ni lugha, na hesabu tuwaachie wenyewe. Tulisema hivyo pia, na ndivyo tulivyobadilisha kigawe kuwa kigawo. Wengine watasema, basi wana hisabati wapitie kila kitu peke yao. Hao ndio waliopitisha saa saba asubuhi. Kila upande uliamini kwamba mwenzake ameangalia, na kosa likapita katikati.

Kwa hiyo idara imekubaliana juu ya utaratibu ufuatao. Kwanza, kila swali litakokotolewa na msomaji ambaye hajaona majibu ya mwandishi, na jibu lake likitofautiana na la kitabu, lugha ya swali ndiyo itakayochunguzwa kwanza. Pili, hakuna istilahi itakayosawazishwa kabla ya kuulizwa kwa mwalimu wa somo kama maneno mawili hayabebi maana mbili. Tatu, kila sura itasomwa kwa sauti mbele ya mtu anayeandika kile anachokisikia. Nne, masahihisho yataandikwa pamoja na sababu. Kuandika tu "badala ya kigawo soma kigawe" hakumsaidii mwandishi asirudie.

Kuhusu kijitabu chenyewe, mchapishaji alikubali kusimamisha uchapaji hadi tulipomaliza. Zilibaki zile nakala za majaribio, na tuliona haifai kutuma karatasi ya masahihisho peke yake. Walimu wawili na mwanafunzi aliyetuamsha walikwenda shuleni wakakaa darasani, wakabadilisha irabu kwa kalamu, nakala baada ya nakala.

Katika daftari la msichana mmoja walikuta swali la nne limejibiwa 1, na pembeni pana alama ya kosa. Walimuuliza amelipataje jibu hilo. Akafungua kijitabu ukurasa uliotangulia, akaonyesha kwa kidole maelezo ya kigawo, akasema kwamba namba ndogo kuliko zote inayogawa 12 na 18 ni moja. Alikuwa amesoma swali kama lilivyoandikwa, kwa lugha ambayo si ya kwao, akalijibu sawasawa. Mwalimu wa darasa alifuata majibu ya nyuma ya kitabu. Alama ya kosa ilifutwa, ikawekwa ya vema. Akauliza, "Na wenzangu walioandika 36?" Ilibidi waelezwe wote darasani kwamba kosa lilikuwa la kitabu, na kwamba kitabu kilikosewa na watu wa chuo.

Tunawakaribisha walimu na wanafunzi walete idarani mifano zaidi ya maswali ya namna hii, wakitaja darasa, swali lilivyoandikwa, na jibu walilolipata wao wenyewe kabla ya kuangalia nyuma ya kitabu.